Katoni ya Bia kwa Mheshimiwa Lorcan

Concilie alikuwa na desturi ya kusali rozari kwenye treni ya alfajiri kutoka Vickery Meadow kwenda Plano. Fungu la tatu lilimkuta Richardson, la tano lilimfikisha. Likiisha kabla ya kituo, alijua ameziharakisha Salamu Maria zake, basi huanza upya, maana Mama wa Mungu si mtu wa kusalimiwa mbio mbio.

Jumanne ile ya Oktoba, mwaka 2018, alianza upya mara mbili.

Ilikuwa siku ya bajeti. Si bajeti ya Texas, wala ya Washington. Ya Ireland, nchi ambayo Concilie hakuwahi kuikanyaga, lakini mawaziri wake alikuwa anawajua kwa sura kuliko madiwani wa Dallas. Mzee aliyekuwa akimtunza, Mzee Fintan, aliwahi kuwa mbunge huko kwao miaka kumi na minne, yote upande wa upinzani. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane, magoti yamechoka, anaishi kwa binti yake, na kila Bunge lao lilipokaa alilifuatilia kwenye kompyuta, akiwajibu wasemaji kwa sauti kama vile bado wangemsikia.

Huko kujibu ndiko kulikokuwa kunapandisha presha.

Binti yake, Nuala, alikuwa ameshasema neno lake Ijumaa iliyotangulia, jikoni, funguo za gari mkononi. "Concilie, mwaka jana wiki ya bajeti tulimkimbiza hospitali mara mbili. Nikiwa ofisini roho yangu haitulii. Wiki hii presha ikivuka mia na themanini, hata mara moja, nampeleka hapa." Akagusa karatasi aliyoibana kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Ilikuwa na picha ya nyumba ya kutunzia wazee, na wazee wenyewe wakicheka mezani, meno yote yametimia. "Hapa wana manesi saa zote. Na hawana Bunge."

Mzee Fintan alisikia yote kutoka sebuleni. Gari la binti yake lilipotoka, akamwambia Concilie kwa Kiswahili, "Mama, nikipelekwa kule nitakufa kwa kukosa mtu wa kubishana naye."

Kiswahili alikipata Tabora, alikofundisha sekondari miaka minne ya ujana wake. Ndiyo sababu watu wa wakala wa watunza wazee walimtafuta Concilie, Mrundi aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, Tanzania, na kuishia darasa la saba la huko. Kiswahili cha Mzee kilikuwa cha daftari, kimenyooka, kimepigwa pasi, hakina tusi hata moja. Kiingereza chake ndicho kilichokuwa na pembe. Concilie, ambaye macho yake yalizoea kuangalia kabla mdomo haujasema, alikwisha kugundua jambo hilo: Mzee akikasirika kwa Kiingereza, mashine ya presha hupanda, akikasirika kwa Kiswahili, hutafuta neno, hukosa, hucheka.

Basi Jumanne hiyo alimkalisha kwenye kiti chake, blanketi magotini, mashine mkononi, kikombe cha chai karibu. Lilikuwa blanketi la sufu, kijani na kahawia, lililofumwa kwenye kiwanda cha mji wake Mzee. Concilie aliwahi kulalia mablanketi ya msaada ya kila namna, na kwa vidole tu alijua hili lilikuwa blanketi la kurithisha wajukuu.

Waziri alisimama akaanza kusoma. Fedha hizi za hospitali, hizi za nyumba, hizi za barabara. Mzee alitulia. Waziri akafika kwenye kodi zinazolipwa na makampuni makubwa ya kigeni.

"Mheshimiwa Spika!" Mzee akapiga kelele. "Taarifa!"

"Mzee, hawakusikii."

"Hawakuwahi kunisikia hata nilipokuwa mle ndani! Sikiliza, mama. Nyumba nzima wameiegemeza kwenye nguzo moja, na nguzo yenyewe ya kuazima. Wageni wakiondoka na nguzo yao, je?" Halafu Kiingereza kikaingia, kikakimbia, na katikati yake Concilie akashika jina moja, mara tatu: Lorcan. Lorcan. Lorcan.

Mashine ikasoma mia na sabini na moja.

Concilie aliandika mia na sabini na moja kwenye daftari la Nuala, hakupunguza hata moja. Kisha akafunga kompyuta. "Huyo Lorcan ni yule anayesoma bajeti?"

"Hapana. Yuko Houston."

"Houston hii hii?"

"Mwanawe ni injinia wa mafuta." Mzee akaangalia dirishani. Kisha akasimulia. Walifundisha pamoja Tabora, chumba kimoja, chandarua kimoja chenye matundu. Waliporudi kwao wakaingia siasa, kila mtu na chama chake, na Mungu akawapa jimbo moja, maana kule jimbo moja huwa na wabunge kadhaa. Mwaka 1984 kiwanda cha blanketi cha mji wao kikawa kinakufa. Fintan akasimama bungeni kuomba serikali ikitie fedha, kina wafanyakazi mia nne. Lorcan, upande wa serikali, akasimama kupinga: fedha hizo wapewe Wamarekani wa vipuri vya kompyuta, wapewe na kiwanja, wasamehewe na kodi.

"Nani alishinda?"

"Serikali hushinda siku zote. Kiwanda kilifungwa."

"Halafu baada ya kikao mlikunywa pamoja?"

Mzee akamgeukia. "Tunywe nini? Sijasema naye neno kwa miaka thelathini na minne."

Concilie aliweka kikombe chini. Baba yake alikuwa mmoja wa wazee waliokalia kesi za watu, kule Burundi na hata Katumba. Alilijua jambo hilo tangu utotoni, kwa kusikiliza nyuma ya ua wa matete: kesi inaweza kuwa na mshindi na mshindwa, lakini haijaisha mpaka wote wawili wameinama kwenye mtungi mmoja. Kesi isiyonywewa hulala tu. Na chenye kulala huamka.

*Ndiyo sababu inaamka kila Oktoba,* alijiambia.

Anwani haikuwa ya kutafuta. Kila Noeli ilifika bahasha kutoka Houston, na kila Noeli Mzee aliitupa kwenye droo ya soksi bila kuifungua. Concilie ndiye aliyepanga soksi hizo. Usiku hakufikiri sana. Asubuhi ya Jumatano, kabla ya zamu, alikuwa amesimama nje ya ghorofa lao Vickery Meadow akimkabidhi mpwa wake katoni ya bia nyeusi, ile wanayoipenda Waairishi.

Mpwa huyo, Cyrille, alikuwa dereva wa lori na Houston kwake ilikuwa kama sokoni. Aliangalia katoni, akamwangalia shangazi yake. "Shangazi! Wewe wa Legio ya Maria, na bia asubuhi yote hii?"

"Bwana wetu kule Kana alianza na divai, hakuanza na mahubiri. Pakia."

"Sawa, mimi nita-drive tu. Nikifika nimwambie nini huyo mzee?"

"Mwambie, Mzee Fintan wa Plano anakutumia hii. Basi. Usiongeze la kwako."

"Na kweli Mzee Fintan ndiye aliyetuma?"

Concilie akajifunga kitenge vizuri. "Cyrille, barabara ya 45 itajaa magari. Nenda."

Alijua ni uongo. Aliuweka pembeni ya moyo wake, akauwekea alama, wa kuungama Jumamosi. Lakini hakuwa na wasiwasi nao sana. Kwao Burundi, mtu akikutumia pombe hakiri kosa wala haombi radhi. Anakuita tu: njoo tuketi. Mtu mwenye akili akipokea mtungi atakuja, au atapiga simu. Nani asiyelijua hilo?

Siku ya Alhamisi mashine ilisoma mia na sabini na sita. Wabunge walikuwa wakichangia. Simu haikulia.

Ijumaa, saa saba mchana, kengele ya mlango ikalia.

Mlangoni alisimama mzee mrefu, kofia ya pamba kichwani, anatweta. Alikuja kwa basi la asubuhi, mwendo wa saa nne nzima, na teksi kutoka kituoni. Kwapani alibana ile katoni, imefunguliwa, chupa moja haipo. "Hujambo, mama," akasema kwa Kiswahili kile kile kilichopigwa pasi. "Kijana wa lori aliniambia humu ndani kuna Mrundi. Mimi ni Lorcan. Nimekuja kupokea ushindi wangu."

"Ushindi gani tena, Mzee?"

Lakini alikwisha kumpita, anaelekea sebuleni kama mtu aliyeitwa na Rais. "Fintan! Miaka thelathini na minne! Nilijua kabla hatujafa utakubali!"

Mzee Fintan alishika mikono ya kiti. "Nitakubali nini?"

"Bia!" Lorcan akaipiga katoni kofi. "Umesahau Tabora? Midahalo ya wanafunzi, kila Jumamosi? Wewe na mimi, kila mtu na upande wake, na mwalimu ambaye upande wake umeshindwa..."

"...humnunulia mwenzake bia," Fintan akamalizia, uso ukianza kuwaka. "Mimi? Nikutumie bia wewe?"

Hapo ndipo Concilie alipoelewa alichofanya. Katoni aliyoituma iseme *njoo tuketi* ilikuwa imefika Houston ikasema *nimeshindwa*. Na kabla hajafungua mdomo, Kiingereza kikalipuka. Wazee wawili, jumla yao miaka mia na hamsini na ushei, wakirushiana maneno kama wauza samaki. Mashine, iliyokuwa bado mkononi mwa Fintan, ikalia. Mia na sabini na nane.

Akaiona karatasi ya friji, na wale wazee wenye meno.

Mkongojo wa Mzee ulikuwa umeegemezwa ukutani. Concilie aliuchukua akapiga nao sakafu mara tatu, kama alivyokuwa akifanya baba yake. Wazee wale, ambao maisha yao yote walizoea kunyamazishwa na kengele ya Spika, wakanyamaza palepale, midomo wazi.

"Bunge limekaa," akasema Concilie. "Kwanza, Spika anaungama. Bia nilituma mimi. Mzee Fintan hakujua lolote. Kwetu bia ni kuitana, si kushindwa. Nilikosea, nanyi mnisamehe. Pili, Mzee Lorcan umeshafika, hutarudi Houston na kesi yetu haijasikilizwa. Tatu, hapa ni Kiswahili tu. Kiingereza chenu kinakimbia, Spika hakifuati. Mwenye mkongojo ndiye msemaji. Asiye nao, mdomo kwake ni wa kunywea chai."

Wakatazamana. Lorcan akavua kofia. Fintan akanyoosha mkono, akapewa mkongojo.

"Mheshimiwa Spika," akaanza, polepole, kila neno akilitoa kabatini. "Kiwanda kilikuwa na watu mia nne. Mjini kwetu kila nyumba ilikula kwa kiwanda hicho. Blanketi hili, Mheshimiwa Spika, lina miaka arobaini. Ulishike."

Concilie akalishika, kwa heshima ya Bunge. "Zuri."

"Sisi tulikuwa na kitu chetu. Wakakiua, wakaleta cha watu. Na wale Wamarekani walikaa miaka kumi na minne, wakahamia penye mishahara midogo! Huyu bwana ni... huyu ni..." Akatafuta neno. Alitafuta juu, akatafuta chini, mpaka Tabora yote. "Ni mwanafunzi mtoro!"

Lorcan akanyang'anya mkongojo. "Spika! Huyu hana adabu darasani! Kiwanda kilikula fedha za serikali miaka sita mfululizo. Blanketi zuri, ndiyo, lakini nani alikuwa analinunua? Watu walinunua ya bei rahisi kutoka nje. Fedha ile ni ya wagonjwa, ya shule. Na Wamarekani waliajiri watu mia tano, tena wasichana, waliojifunza kazi. Walipoondoka, wasichana wale walibaki na ujuzi. Binti wa huyu bwana alijifunzia kazi wapi? Kwa Wamarekani wangu! Nani kamleta Plano? Kampuni ya Kimarekani!"

"Mheshimiwa anaingiza watoto kwenye mjadala!" Fintan akapiga kelele, lakini hakuwa na mkongojo. Concilie akamwonyesha chai.

Wakaendelea nusu saa nzima. Walitupiana "mvivu wa hesabu" na "wewe hukusahihisha madaftari," wakaulizana neno la ruzuku, wakalisahau wote wawili, wakamuuliza Spika. Concilie aliangalia mashine. Mia na hamsini na nane. Alitega sikio pia kwa kile wasichokisema, maana baba yake alimfundisha kwamba wenye kesi huja na kesi ya mbele ya watu, na nyingine wameikalia. Watu hawanuniani miaka thelathini na minne kwa sababu ya ruzuku.

Akachukua mkongojo yeye mwenyewe.

"Mambo ya viwanda nimeyasikia. Spika ana swali moja. Mzee Fintan, siku ile, ni neno gani lililokuuma?"

Fintan akalishika blanketi kwa mikono miwili.

"Meneja wa kiwanda alikuwa kaka yangu, Malachy," akasema. "Nilikuwa nimemwambia Lorcan peke yake, kama rafiki, kwamba Malachy hapati usingizi, kwamba anahesabu kila mfanyakazi kama mtoto wake. Nikasimama bungeni nikatoa hoja. Huyu akainuka akasema: 'Mheshimiwa anatetea blanketi, au anatetea sahani ya kaka yake?' Bunge lote likacheka. Gazeti likaandika. Tangu siku hiyo Malachy alikwenda misa ya kwanza ya alfajiri, asionwe na watu. Mpaka alipokufa."

Concilie alimpa Lorcan mkongojo. Hakuutaka. Akaushika hata hivyo.

"Nilikipenda kicheko kile," akasema. "Kwa dakika moja hivi. Kisha nikakuona uso. Nilitoka nikakusubiri kwenye ngazi, wewe ukapita mlango wa nyuma. Halafu... siku zikawa nyingi. Nikaanza kuandika kadi."

"Sikuzifungua."

"Hata moja?"

Concilie hakusubiri ruhusa. Alikwenda kwenye droo ya soksi, akarudi na bahasha tano. Fintan akachagua ya juu, ya Noeli iliyopita, akaipasua, akavaa miwani. Akaisoma kwa sauti, maana iliandikwa kwa Kiswahili.

"'Rafiki Fintan. Mwezi wa nane mvua ilinyesha siku nne na maji yaliingia kwa mwanangu mpaka juu ya meza. Tulikaa ghorofani kungoja mtumbwi. Sikuogopa kufa. Niliogopa kufa bila kuomba radhi kwa sababu ya Malachy. Naomba radhi. Kuhusu kiwanda, bado nilisema kweli.'"

Akashusha kadi. Midomo ilimtetemeka, na Concilie hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka kilipotoka. Kilikuwa vyote viwili.

"Hata katika kuomba radhi!" Fintan akasema. "Hata maji yakiwa mezani!"

"Kweli ni kweli," akasema Lorcan, akijifuta macho kwa kofia.

"Nimekusamehe la Malachy. Kuhusu kiwanda, wewe ni mtoro mpaka kesho."

Spika akaona huo ndio mwisho wa kesi, ikabaki kunywa. Daktari alimruhusu Mzee glasi moja kwa siku. Mtungi haukuwapo, wala mirija, basi Concilie akatwaa jagi la maji la Nuala, akamimina chupa mbili ndani, akatafuta mirija ya juisi kabatini, miwili. Wakainama. Paji la uso la mmoja likagongana na la mwenzake, wakaanza kulaumiana ni nani aliyeanza.

Saa kumi na moja Nuala akafungua mlango. Akamkuta baba yake na mzee asiyemjua wameinamia jagi lake la maji, mmoja ameshika mkongojo, wanabishana kwa lugha ya watu kuhusu kodi.

"Concilie? Huyu nani?"

"Mheshimiwa wa upande wa serikali," akajibu baba yake. "Amekuja kwa hoja binafsi."

Nuala alikwenda moja kwa moja kwenye daftari, akapitisha kidole. Mia na sabini na moja. Mia na sabini na sita. Leo saa saba, mia na sabini na nane. Uso ukakunjamana. Akafika mstari wa mwisho, wa saa kumi na nusu: mia na thelathini na nne. Akausoma mara mbili, kisha akamfunga baba yake mashine mwenyewe, maana naye alikuwa binti wa mpinzani. Mia na thelathini na mbili.

"Umempa dawa gani?"

"Nimempa mtu wa kubishana naye," akasema Concilie. Akamweleza yote, pamoja na uongo wa katoni, hakuuficha. Nuala alisikiliza amejishika kiuno. Kisha akamwangalia baba yake, ambaye alikuwa anapigia sakafu mkongojo na kudai utaratibu, na akakaa kitako kwenye mkono wa kiti, akacheka mpaka mkoba ukaanguka.

"Huyo mzee atalala wapi?"

"Sebuleni," akasema Lorcan, kwa Kiingereza sasa. "Nimekuja na mswaki."

"Na Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi," akaongeza Fintan, "Bunge litakaa. Lakini bila Spika hatukai."

Nuala akamgeukia Concilie, naye Concilie akafikiri kidogo, kama mtu anayepima mzigo kichwani. "Ijumaa ya kwanza nina ibada ya Moyo Mtakatifu saa moja ya usiku. Kikao kiishe mapema."

Alipovaa koti lake aone kama bado atawahi treni, alipita jikoni. Nuala alikuwa mbele ya friji. Aliitoa ile karatasi ya wazee wenye meno, akaikunja mara mbili, akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa unachezacheza tangu Pasaka. Kwa sumaku ile ile akabana kadi ya Lorcan.

Meza ikatulia. Sebuleni mkongojo ukapiga tena sakafu.

"Mama Spika!" Lorcan akaita. "Kabla hujaondoka! Hivi nani alishinda?"

"Bunge limeahirishwa," akasema Concilie, akatoa rozari mfukoni.